Siku Mia na Moja

Wanovisi walimwita Sista Kalenda, na yeye alijua, na hakujali. Jina la utani la mtu mkali halitamkwi mbele yake, lakini nyumba ya watawa ni nyumba kama nyingine, kuta zina masikio na sufuria zina midomo. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mlezi wa wanovisi. Yeye ndiye aliyewapokea wasichana waliotaka kuwa masista, akawafundisha kusali, kufagia, kunyamaza na kuvumiliana, na mwisho wa mwaka akasema huyu anafaa, huyu arudi kwao.

Kazi hiyo aliifanya akiwa na daftari kubwa la mistari. Humo aliandika kila siku ambayo novisi alilala nje ya nyumba ya unovisi. Aliyeng'olewa jino akarudi jioni hakuandikwa. Aliyelazwa hospitali aliandikwa. Aliyekwenda kuzika akalala kwao aliandikwa, hata kama aliyezikwa ni baba yake mzazi.

Si roho mbaya. Sheria ya Kanisa haina mzaha na jambo hilo. Unovisi ni miezi kumi na miwili ndani ya nyumba. Novisi akikosekana zaidi ya siku kumi na tano, atazifidia. Akikosekana zaidi ya miezi mitatu, hata kwa vipande vipande, mwaka wote umekufa, anaanza upya kana kwamba hakuwahi kubisha hodi. Na nadhiri zikiwekwa juu ya unovisi uliokufa, nazo ni maiti, hata kama zilisomwa mbele ya askofu na kwaya ikaimba mpaka makoo yakakauka.

Miaka tisa nyuma kulikuwa na msichana mmoja ambaye mama yake aliugua ugonjwa wa kwenda na kurudi. Akaruhusiwa kwenda kumuuguza, akarudi, akaenda tena. Wiki tatu kabla ya nadhiri, kanzu yake mpya ikiwa imeshashonwa, Sista Kalenda alimwita akamwonyesha hesabu: siku tisini na sita. Msichana alilia, akasema mama yake hakuwa na mtu mwingine. Sista Kalenda alimpa kitambaa cha kufutia machozi na akamwambia sheria ni msumeno, mwanangu, inakata mbele na nyuma. Wenzake waliweka nadhiri, yeye akarudia mwaka mzima. Tangu hapo akaitwa Marudio, na hata leo, akiwa sista kamili mwenye funguo zake mkononi, ndilo jina lake.

Sasa mwaka huo shirika lilikuwa linatimiza miaka themanini. Mama Mkuu alituma barua kila nyumba kwamba ni mwaka wa kurudi kwenye chemchemi. Mwanzilishi wao alianza katika chumba kimoja cha mabati, akiwaosha wagonjwa ambao ndugu zao waliwaogopa. Leo masista wana shule, wana hosteli, wana magari mawili. Mlinzi wa getini, ambaye mdomo wake haujawahi kulala, alisema huyo mwanzilishi akifufuka leo akaja na beseni lake, yeye mwenyewe atamwuliza kama ana miadi. Masista walicheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu ilikuwa kweli.

Basi ikapangwa wajifunze upya maneno ya mwanzilishi, vitu vyake vikusanywe chumba kimoja, na faili la kila sista aliye hai lipangwe vizuri. Siku ya sikukuu ya shirika wote wangerudia nadhiri zao, mmoja mmoja, mbele ya wenzao. Kazi ya mafaili akapewa Sista Marudio, kwa kuwa ana subira na anajua kompyuta.

Jumanne moja asubuhi, Sista Kalenda alikuwa chumba cha pasi akiwaonyesha wanovisi namna ya kukunja vitambaa vya altare, mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana, msalaba ubaki juu. Sista Marudio akasimama mlangoni na kitabu kikuukuu kifuani. Akaomba dakika tano, wakiwa wawili tu.

Wanovisi walipotoka, alikiweka kitabu juu ya meza ya pasi na kukifungua palipokuwa na alama. Kilikuwa kitabu cha nyumba cha miaka thelathini na saba iliyopita, kwa mwandiko wa mlezi ambaye sasa yuko makaburini. Mstari mmoja ulisema kwamba novisi fulani, na novisi huyo alikuwa Sista Kalenda mwenyewe, leo amepelekwa kambi ya wagonjwa wa kipindupindu kwa amri ya Mama. Kurasa nyingi mbele, mstari mwingine ulisema amerudi, amekonda, ana afya. Katikati kulikuwa na kikaratasi cha penseli. Kiliandikwa 101.

Sista Kalenda alichomoa pasi kwenye umeme kwanza. Hilo alilikumbuka baadaye, kwamba alichomoa pasi. Kisha akaketi.

Alizikumbuka siku zile vizuri kuliko alivyoikumbuka siku ya nadhiri zake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, novisi pekee aliyekuwa amesomea uuguzi mwaka mmoja. Mahema yalipangwa kwenye uwanja wa mpira. Ndoo, chokaa, maji ya chumvi na sukari, watu wakiletwa kwenye mikokoteni. Mama Mkuu wa wakati ule alisema nenda, akaenda. Na kila mwaka aliwasimulia wanovisi wake habari ile, kama mfano wa utii na wa roho ya mwanzilishi. Aliisimulia mara kumi na sita. Yeye aliyehesabu siku za kila mtu, hizo zake hakuwahi kuzihesabu hata mara moja.

Akazihesabu sasa, kwa vidole. Akazihesabu tena, akitoa siku ya kwenda na siku ya kurudi. Zikabaki tisini na tisa. Miezi mitatu, uichague uipendavyo, haifiki huko.

"Umekaa na kitabu hiki tangu lini?" akauliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu unafanya nini?"

"Nahesabu," Marudio akasema. "Nilitaka nikosee."

"Ulifurahi?"

Marudio aliitazama meza. "Siku mbili za kwanza, ndiyo. Nisikudanganye, Mama Mlezi. Siku mbili nilikula kwa hamu."

Walikwenda kwa Mama Mkuu pamoja, lakini Marudio alibaki nje ya mlango. Mama Mkuu alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu na bado alizungumza kama kengele iko karibu kugonga. Yeye na Sista Kalenda walikuwa wanovisi mwaka mmoja. Mmoja alipelekwa kwenye mahema, mwingine akabaki kulisha kuku wa nyumba, na ndiyo maana leo unovisi wa aliyelisha kuku ni mzima.

Mama Mkuu alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaanza kupanga mambo, kama kawaida yake. Kosa si la Sista Kalenda, ni la marehemu. Dawa ipo. Inaandikwa barua kwa wakuu wa Kanisa huko juu, inarudi karatasi inayoziponya nadhiri kutoka kwenye shina, kana kwamba hazikuwahi kuugua. Hakuna haja ya mtu mwingine kujua. Masista zaidi ya hamsini wamepita mikononi mwa mlezi huyu. Nadhiri zao hazina doa, lakini midomo ya watu haisomi sheria.

"Na mpaka karatasi ije," Sista Kalenda akauliza, "mimi ni nani?"

"Wewe ni wewe, dada."

"Kisheria."

Mama Mkuu aligeuza simu yake kifudifudi. "Kisheria ni mwanamke mwema anayeishi kwetu."

Mtu angedhani Sista Kalenda alitoka humo akilia. Hakulia. Kilichomtisha ni kitu kingine, na alikitambua akiwa katikati ya ua, kando ya kamba za kuanikia nguo. Alisikia wepesi. Ulianzia mabegani ukashuka. Miaka mingi sala zake zilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Aliamka kwa kengele, akalala kwa kengele, akafanya kazi kama kinu, na swali la kwamba anataka au hataki halikuwepo, kwa sababu aliyefunga nadhiri haulizwi tena. Ilikuwa kama mtu aliyeegemea ukuta miaka yote, sasa anaambiwa hapo nyuma yako hapakuwa na ukuta. Wengine wangeruka kwa furaha. Yeye alishika kamba, na mashuka mawili yakaanguka chini.

Sasa angeweza kuondoka. Hakuhitaji ruhusa ya askofu wala ya mtu yeyote. Kilichobaki kilikuwa kujua kama anataka kubaki, na hicho ndicho asichokijua.

Akaomba wiki moja ya kukaa kwa mdogo wake wa kike.

Mdogo wake alikuwa mshonaji, mjane, watoto wameshajitegemea, anaishi vyumba viwili na cherehani dirishani. Ulimi wake na mkasi wake vilikuwa vimenolewa siku moja. Sista Kalenda alimweleza yote kabla hata ya kuvua viatu. Mdogo mtu alitoa pini mdomoni kwanza, akaziweka mezani moja moja, kisha akacheka mpaka akaegemea cherehani.

"Kwa hiyo miaka yote hii nawaringia majirani dada yangu sista," akasema, "kumbe ni mpangaji tu."

Alimpa gauni ambalo mteja mmoja aliagiza na hakurudi, la kahawia, lenye mifuko. Likamkaa. Wakatoka pamoja kununua nyuzi. Dukani hakuna aliyempisha kwenye foleni. Hakuna aliyemwamkia kwa heshima na kumwomba amkumbuke katika sala. Muuza duka alimwambia mama, sogea kidogo, unaziba mwanga, naye akasogea, na akaona raha. Asubuhi alilala mpaka jua likaingia dirishani. Siku ya nne alikuwa ameketi akifumua pindo la suruali ya mtu, redio inaongea yenyewe, akagundua kwamba tangu asubuhi hajaangalia saa. Alikuwa na furaha. Mkono wake ukasimama juu ya ile suruali.

Mdogo wake alimwona. Akamwambia abaki. Chumba cha pili kina kitanda, kazi ni nyingi, na macho ya kutungia sindano yanampungua. Alisema kwa kawaida tu, kama mtu anayempa mwenzake kiti. Sista Kalenda aliinama akaendelea kufumua lile pindo, na hilo ndilo lililomchoma mdogo mtu. Akasimamisha cherehani.

"Mama alipokuwa anakufa alikuita siku tisa," akasema. "Nilipiga simu mwenyewe. Ukasema huna ruhusa ya kulala nje, wanovisi wako wanakaribia nadhiri. Ukaja kuzika, ukanawa mikono, saa kumi ukapanda gari ukarudi."

"Nakumbuka."

"Ruhusa ulikuwa nayo, Dada. Ndicho unachoniambia leo. Hukuwa umefungwa na chochote."

Sista Kalenda alisema hakujua.

"Najua hukujua. Lakini hata kama ulikuwa umefungwa, mkuu wako angekunyima siku tisa? Ulimwomba?"

Hakuwa amemwomba. Hilo lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulisema hata kwenye kitubio, kwa sababu hakuwahi kuliona kama dhambi. Aliliona kama mfano mzuri. Miaka mitatu baada ya mazishi yale alimrudisha msichana wa watu mwaka mzima kwa kosa la kumuuguza mama yake, na usiku ule alilala vizuri.

"Mimi sikufukuzi," mdogo wake akasema, sasa polepole. "Njoo kesho, njoo hata leo. Ila usije kwa kuwa karatasi zimekosewa. Na kule usibaki kwa kuwa zimerekebishwa. Safari hii sema mwenyewe, basi. Mama alikufa akidhani ni Mungu aliyekukataza."

Cherehani ikaanza tena.

Alirudi siku ya sita, akiwa amevaa kanzu na shela lake, na moyoni hakuwa na jibu. Watu wanapenda kusikia kwamba mtu alikwenda akatafakari akapata mwanga. Yeye alirudi na giza lake lile lile, isipokuwa sasa lilikuwa na sura ya mama yake.

Alimkuta Marudio katika chumba cha kumbukumbu, akifuta beseni la bati la mwanzilishi kwa kitambaa chenye mafuta ili lisile kutu. Beseni lenyewe lilikuwa limepinda upande mmoja. Sista Kalenda alisoma vibandiko, akashika kiti, akakiachia. Mwisho akauliza ule mwaka wa pili ulimpa nini.

Marudio hakuacha kufuta. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nakuogopa wewe. Kila nilichofanya nilikuwa nakutazama wewe usoni. Wa pili nilikuwa nimeshakuchukia, kwa hiyo hofu iliisha. Nikaanza kusikia mengine."

"Mengine gani?"

"Kwamba njia ya kwetu naijua. Basi la asubuhi, basi la mchana. Ningeweza kwenda siku yoyote. Kila siku nikawa nabaki." Akaligeuza beseni. "Lakini usidhani nakushukuru. Mama alikufa mwezi wa saba wa mwaka ule, na safari hiyo sikwenda. Niliogopa utazihesabu tena."

Sista Kalenda alijua. Yeye ndiye aliyempelekea habari, bustanini, na yeye ndiye aliyeandika kwenye daftari kwamba novisi huyu hakuomba kwenda. Aliandika kama sifa.

Akasema naomba unisamehe. Marudio alisema anasikia. Hakusema amesamehe, na Sista Kalenda hakumlazimisha. Alichukua kitambaa kingine wakafuta vikombe sita vya mwanzilishi.

Siku moja kabla ya sikukuu Mama Mkuu alimwita ofisini na kumpa bahasha, akitabasamu kama mtu aliyemfanyia mtoto wake mtihani. Karatasi ilikuwa imefika. Kumbe aliandika siku ile ile ya Jumanne, kabla hata chai haijapoa, na huko juu ana mtu anayemfahamu. Sista Kalenda alisoma akiwa amesimama. Ilisema nadhiri za mtajwa zimeponywa tangu siku ya kwanza, maadamu nia yake ingali ile ile.

"Umeandika bila kuniuliza," akasema.

"Ningekuuliza ungefanya nini? Ungehesabu. Ungekonda. Nimekupunguzia."

"Hapa panasema nia yangu. Nia yangu nani aliiuliza?"

Mama Mkuu alivua miwani. Alisema dada, tumeishi nyumba moja tangu wasichana, naijua nia yako kuliko wewe. Kesho utapita na mstari wa wazee wenzako, utasema maneno, tutakata keki, na jambo hili tutalizika sisi wawili na Marudio. Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba amechoka. Mwaka mzima anajaribu kuwaamsha masista mia mbili wakumbuke wameitiwa nini, nusu wanasinzia, nusu wanauliza keki itatoka wapi. Hawezi kumpoteza mlezi katikati ya hayo.

Sista Kalenda alimwonea huruma kweli. Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akatoka bila kuahidi kitu.

Kwa watawa mstari si jambo dogo. Siku ya sikukuu wanaingia kikanisani kwa kufuata miaka ya nadhiri. Mbele kabisa wazee wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu, kisha wa jubilei, kisha wengine kwa kufuatana, mpaka wale wa juzi juzi. Nyuma kabisa wanovisi, ambao hawana nadhiri, kazi yao ni kushika mishumaa na kutopiga chafya. Kila sista anajua nani yuko mbele yake na nani nyuma, kama anavyojua meno yake.

Mstari ulipangwa kwenye varanda saa tatu asubuhi. Nafasi ya Sista Kalenda ilikuwa wazi, mtu wa mbele akageuka kumtafuta. Yeye alikuwa anatembea kwenda nyuma. Aliwapita wa miaka ishirini, akawapita wa kumi, akampita Marudio, ambaye alimtazama mara moja kisha akatazama mbele. Akafika kwa wanovisi, akasimama nyuma ya yule wa mwisho, msichana mwembamba ambaye mshumaa wake ulikuwa umeinama upande.

Msichana akageuka. "Mama Mlezi, umekosea mstari," akanong'ona.

"Sijakosea. Tazama mshumaa wako."

Kengele ikagonga, wakaingia.

Askofu mgeni hakuona kitu. Masista waliona wote. Walipoanza kwenda mbele mmoja mmoja kurudia nadhiri, kila aliyerudi kwenye benchi alitupa jicho nyuma. Ilipofika zamu ambayo ingekuwa yake, pakawa na pengo. Mama Mkuu, aliyesimama kando ya altare akiwa na orodha, aliinua macho, akayatembeza kwenye mabenchi yote, akamwona ameketi kati ya wanovisi, mikono magotini. Alisubiri. Sista Kalenda hakuinuka. Kwa sekunde kadhaa alitamani kuinuka tu, aende, aseme, yaishe. Mama Mkuu akaita jina lililofuata. Wimbo ulianza umechelewa, kwa sababu kiongozi wa kwaya naye alikuwa amegeuka nyuma.

Keki ilikatwa. Wengi hawakuila.

Ofisini Mama Mkuu hakuketi. Alisema umenidhalilisha mbele ya shirika zima, siku ambayo nimeililia miaka miwili. Sista Kalenda alikubali kwamba ndivyo. Akaiweka ile karatasi mezani, akasema anaomba mwaka wa unovisi. Miezi kumi na miwili ndani ya nyumba, kama wasichana wale.

"Una miaka hamsini na tisa!"

"Najua kuhesabu."

Mama Mkuu nusura acheke, na kwa kuwa hakutaka kucheka, akalia. Akauliza kama ni kiburi. Sista Kalenda alisema huenda kiburi nacho kimo. Akasema wasichana wanafika pale wanaulizwa kila mwezi kama wanataka, yeye aliulizwa mara moja, akajibu haraka kwa kuwa alikuwa bado na joto la yale mahema, na tangu hapo akawa anawajibia wengine.

"Na mwaka ukiisha ukajikuta hutaki?"

"Nitakuja kukuambia hapa hapa."

"Na mimi nifanye nini na karatasi hii?"

"Iweke. Ikiwa nia ni ile ile, haitaoza."

Mama Mkuu alikubali bila furaha, kama mtu anayekubali kukatwa kidole. Sista wa zahanati, aliyekuwa na miaka thelathini na moja, akawekwa kuwa mlezi.

Habari haikufichika hata siku mbili. Wengine walisema amechanganyikiwa. Wengine walisema huko ndiko kurudi kwenye chemchemi, ila walisema wakiwa mbali. Sista mmoja mzee, rafiki yake wa miaka thelathini, aliacha kumwamkia, kwa sababu na yeye alikwenda kwenye mahema yale, akiwa tayari na nadhiri, na sasa hakujua aone fahari au aibu. Kanzu ya wanovisi haikumtosha, ikabidi iongezwe vipande mbavuni. Kitanda chake kikawekwa karibu na mlango wa bweni. Wasichana, ambao mwezi uliopita walikuwa wanakunja miguu wakisikia viatu vyake, sasa walikuwa wanavaa gizani kwa aibu, wasimwone akihangaika na soksi.

Wiki ya pili, yule msichana mwembamba wa mshumaa alifunga sanduku lake. Alimwambia mlezi mpya kwamba anaondoka, hakutoa sababu. Sababu alimpa Sista Kalenda, wakiwa kando ya barabara ya ndani, sanduku katikati yao, kila mmoja ameshika upande wake.

"Nilikuwa nikipata wasiwasi nakutazama wewe," msichana akasema. "Nasema huyu ana uhakika, basi na mimi nitaupata. Sasa na wewe huna."

"Sina."

"Hata kidogo?"

Sista Kalenda alitaka kumpa kitu. Zamani angekuwa na maneno, na msumeno. Alisema kuna asubuhi anakuwa nao mpaka saa nne. Msichana akacheka kidogo, akafuta pua kwa kiganja. Akauliza kama mwaka ukiisha atamkuta hapa akija kutembea. Sista Kalenda akasema hajui.

"Huogopi?"

"Naogopa. Nenda, gari litakuacha. Msalimie mama yako. Ukae naye."

Aliangalia mpaka msichana akatoka getini, akavuka barabara kuu na sanduku lake, ambalo lilikuwa zito kwake, limemvuta bega upande. Kwamba amemvunja mtoto wa watu alilijua. Kwamba huenda amemwokoa, hilo hakuwa na njia ya kulijua, na hakuna daftari ambalo lingemwambia. Alitamani kumwita, na hakujua akimwita atamwambia nini.

Kengele ya jikoni ilikuwa imeshagonga zamani. Zamu ya viazi ilikuwa yake. Alikwenda haraka kadiri magoti yalivyomruhusu, akaingia, wasichana watano wameketi kimya kuzunguka ndoo, na mlezi mpya amesimama na kisu cha ziada mkononi. Novisi akichelewa, anapiga goti na kuomba radhi. Sista Kalenda mwenyewe ndiye aliyeisisitiza desturi hiyo miaka kumi na sita. Akashika ukingo wa meza akashuka, goti moja, likalia.

"Naomba radhi. Nimechelewa."

Mlezi mpya alikuwa mmoja wa wale aliowalea. Uso ulimwiva, akatazama dirishani, akatazama ndoo. Kisha akamnyooshea kisu, mpini ukiwa mbele.

"Viazi bado ni vingi," akasema. "Inuka."

Akainuka kwa kushika meza, akaketi mwisho wa benchi, akaanza kumenya.